Maikrofoni zisizo na waya Karagwe na Kyerwa: Masafa kwanza, sauti baadaye

KAMATI ya harusi inaweza kukutana kwa miezi mitatu, ikafuatilia ahadi za wachangiaji mmoja baada ya mwingine, ikakodi ukumbi mjini Kayanga au kusimamisha maturubai katika uwanja wa shule huko Nkwenda, na ikalipia vyakula, mapambo na mshereheshaji. Kisha bibi harusi anafungua kinywa kutamka kiapo chake, na maikrofoni inanyamaza. Haikoromi, haipigi mluzi, haitoi dalili yoyote. Inanyamaza kwa sekunde mbili, halafu sauti inarudi katikati ya neno, wakati sehemu ya kiapo imekwisha kupotea mbele ya mamia ya watu waliokuja kuisikia.

Ukimya huo ndio unaowatatanisha mafundi mitambo waliozoea maikrofoni za zamani zisizo na waya, zile za mfumo wa analojia. Maikrofoni ya analojia huonya kabla ya kukata. Mawimbi yanapodhoofika husikika mchakato kama wa mchanga unaopepetwa, na fundi mwenye sikio hupata muda wa kuisogeza antena au kumpa msemaji maikrofoni nyingine. Mfumo wa dijitali hauna huruma hiyo. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu ndani ya maikrofoni yenyewe, hurushwa hewani zikiwa tarakimu, na kipokezi huzirudisha kuwa sauti. Maadamu kipokezi kinazipata za kutosha, sauti huwa safi kabisa, iwe msemaji yuko hatua tano au hatua hamsini. Zikipungua chini ya kiwango, kipokezi hufunga mlango.

Mtanzania yeyote aliyekuwa na televisheni kabla na baada ya Desemba 31, 2012, siku ambayo uzimaji wa mitambo ya analojia ulianza jijini Dar es Salaam, analijua jambo hili hata kama hajawahi kushika maikrofoni. Zamani picha ilijaa chenga lakini mechi ilitazamika. Baada ya ving'amuzi kuja, picha huwa safi au huganda na kutoweka, na aghalabu hakuna hali ya kati. Maikrofoni ya dijitali hufuata kanuni ile ile, tena mara nyingi katika eneo lile lile la mawimbi linalotumiwa na televisheni.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili kwa wilaya za Karagwe na Kyerwa. Watu wengi wanaponunua mitambo huuliza bei, jina la kampuni na ubora wa sauti. Swali linaloamua kama mtambo utafanya kazi ni jingine: unatumia masafa gani, na ni nani mwingine anayeyatumia mahali utakapotumika?

Kwa miongo mingi maikrofoni zisizo na waya ziliishi katika nafasi zilizoachwa wazi kati ya chaneli za televisheni za UHF. Eneo hilo limekuwa likipungua. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 uliyatenga masafa ya megahezi 790 hadi 862 kwa ajili ya simu za mkononi katika kanda inayojumuisha Afrika na Ulaya. Mkutano wa mwaka 2012 ukaanza kuyaelekeza pia yale ya 694 hadi 790, uamuzi uliokamilishwa mwaka 2015. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliendesha mnada wa masafa ya 700 mwaka 2018. Kwa televisheni limebaki eneo la megahezi 470 hadi 694, ambalo ni chaneli 28 zenye upana wa megahezi nane kila moja, kuanzia chaneli ya 21 hadi ya 48. Maikrofoni za UHF zinapaswa kutafuta nafasi humo.

Maikrofoni iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya megahezi 710, kwa mfano, leo inagombana na simu zenyewe. Katika mpangilio wa masafa ya 700, sehemu inayoanzia megahezi 703 ndiyo ambayo simu hutumia kuzungumza na mnara. Kwa maneno mengine, adui wa maikrofoni hiyo hayuko juu ya kilima. Amekaa kwenye benchi la tatu, ndani ya mfuko wa shati la mwalikwa. Ndiyo maana maikrofoni ya namna hiyo inaweza kufanya vizuri Jumamosi jioni kanisa likiwa tupu na kuanza kukatika Jumapili asubuhi watu wanapofika.

Mitambo ya mitumba ndiyo inayoleta tatizo hili zaidi. Marekani ilipiga marufuku maikrofoni katika masafa ya 700 kuanzia Juni 12, 2010, na kuanzia Julai 13, 2020 ikazuia pia sehemu kubwa ya masafa ya 600, yaani 617 hadi 652 na 663 hadi 698. Vifaa ambavyo havikuruhusiwa tena huko vilishuka bei, na bei nzuri ina miguu. Si vyote vilivyo takataka: kifaa cha megahezi 640 kinaweza kufanya kazi barabara Kyerwa, kwa kuwa eneo hilo hapa ni la televisheni na huenda chaneli hiyo haina mtumiaji. Cha megahezi 710 hakifai hata kwa zawadi. Tofauti yao haionekani kwa kutazama umbo. Husomwa kwenye kibandiko kidogo nyuma ya kipokezi, penye namba za masafa au alama kama G50, ambayo katika mashine za Shure za aina ya ULX-D humaanisha megahezi 470 hadi 534. Mnunuzi asiyesoma kibandiko hicho kabla ya kutoa fedha za washarika amecheza bahati nasibu kwa fedha za watu.

Kwa kuwa mkutano wa dunia wa mwaka 2023, uliofanyika Dubai, uliyajadili upya hata masafa ya 470 hadi 694, ni busara anayenunua mtambo mpya achague upande wa chini wa eneo hilo, ambao hadi sasa haujaguswa na kampuni za simu.

Ipo pia mitambo inayokwepa UHF kabisa na kutumia gigahezi 2.4. Hii hupendwa kwa sababu mpangilio wake wa masafa unafanana duniani kote na mashine hujichagulia nafasi yenyewe. Katika kikao cha watu 30 hufanya kazi nzuri. Lakini masafa hayo ndiyo ya Wi-Fi na Bluetooth, na katika ukumbi wenye simu 400, kompyuta ya kurusha picha na kipanga njia cha intaneti juu ya meza ya fundi, nafasi ya kupumua huwa ndogo. Mawimbi hayo pia huzuiwa na miili ya watu kwa urahisi zaidi kuliko yale ya UHF. Anayeyatumia hana budi kukiweka kipokezi karibu na jukwaa, si nyuma ya ukumbi.

Jiografia ya Karagwe na Kyerwa inaongeza ugumu ambao fundi wa Dar es Salaam hakutani nao. Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, ni nchi ya vilima na mabonde. Upande wa magharibi Mto Kagera huzitenga na Rwanda, na upande wa kaskazini Kyerwa inapakana na Uganda. Ukisimama Murongo, ng'ambo ya mto ni Kikagati, nchini Uganda. Mawimbi ya televisheni hayaoneshi hati ya kusafiria mpakani. Juu ya kilima kinachotazama magharibi, kipokezi kinaweza kukuta chaneli za Rwanda mahali ambapo orodha ya Tanzania inaonesha pako wazi. Ukishuka bondeni kilomita mbili, chaneli hizo hutoweka kwa kuwa kilima kimezikinga. Kaskazini kuna za Uganda.

Kwa hiyo masafa yaliyofanya kazi bila kasoro katika kanisa la Kayanga hayana dhamana yoyote Murongo, wala yale ya Murongo hayana dhamana Kaisho. Fundi anayezunguka na mitambo ya kukodisha, leo Omurushaka na kesho Isingiro, anapaswa kuanza upya kila anapofunga vifaa. Hili ndilo linalorukwa mara nyingi, pengine kwa sababu mashine huwaka na kutoa sauti mara moja hata bila kupimwa, na mtu mwenye haraka huona kazi imekwisha.

Upimaji wenyewe hauchukui muda mrefu. Kwanza maikrofoni zote zisizo na waya huzimwa. Kisha huwashwa kila kitu kingine kitakachofanya kazi siku hiyo: mikisa, skrini za taa za LED, kompyuta na vifaa vya intaneti, kwa kuwa navyo hutoa mawimbi yanayochafua hewa, hasa skrini. Ndipo kipokezi cha kwanza huamriwa kuchunguza hewa na kutafuta nafasi iliyo wazi. Kikipata, maikrofoni yake husogezwa karibu na dirisha dogo la mwanga usioonekana lililo usoni mwa kipokezi ili ipokee masafa hayo, halafu huwashwa na kuachwa ikiwaka. Kipokezi cha pili huchunguza wakati ya kwanza inarusha, cha tatu wakati mbili zinarusha, na kuendelea. Anayezima maikrofoni ya kwanza kabla ya kutafutia ya pili anaweza kuzipa zote mbili nafasi moja.

Sababu ya utaratibu huu si tu kuepuka kufanana. Vifaa viwili vinavyorusha karibu karibu huzaa mawimbi ya tatu ambayo hakuna aliyeyakusudia. Hesabu yake ni rahisi: zidisha masafa ya kwanza mara mbili, kisha toa ya pili. Maikrofoni mbili zikiwa katika megahezi 518 na 519, watoto wao huzaliwa katika 517 na 520. Fundi anayepanga maikrofoni zake 518, 519, 520 na 521, kwa kudhani kwamba mstari ulionyooka ni mpangilio mzuri, ameziweka zichomane zenyewe kwa zenyewe. Mitambo ya dijitali ya daraja la juu imepunguza sana kasoro hii, na mingine inaruhusu kupangwa kwa umbali sawa bila madhara. Ile ya bei ya chini bado inategemea makundi yaliyopangwa kiwandani, na ni vema kukaa ndani ya kundi moja. Maikrofoni za kwaya zilizowashwa na kulundikwa pamoja mezani kabla ya ibada huongeza tatizo hilo. Zikitengana walau mita moja, hupungua.

Baada ya masafa hufuata antena, na hapa makosa huonekana kwa macho. Vipokezi vingi hufichwa chini ya meza au ndani ya kabati la chuma ili visiharibu mandhari ya madhabahu. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hunyonya mawimbi ya UHF. Antena iliyo usawa wa kiuno ikiwa na waumini 200 mbele yake ni kama imefunikwa kwa blanketi lenye maji. Inapaswa kuinuliwa juu ya vichwa, iweze kumwona msemaji bila ukuta, nguzo ya chuma wala spika katikati.

Kipokezi cha kawaida huwa na antena mbili, na wapo wanaodhani ya pili ni akiba. Sivyo. Mawimbi hugonga paa la bati na kuta, yakarudi yakiwa yamechelewa kidogo, na mahali fulani lile la moja kwa moja na lile lililorudi huuana. Antena moja ikiwa katika shimo hilo, nyingine huwa nje yake, na kipokezi hutumia iliyo na uhai. Makanisa na kumbi nyingi za wilaya hizi zimeezekwa kwa mabati, hivyo antena hizo mbili zina kazi kubwa. Kwa megahezi 550 urefu wa wimbi ni takriban sentimita 55, na inatosha kuzitenga antena kwa robo ya urefu huo au zaidi, zikitanuliwa mfano wa herufi V.

Vipokezi vikilazimika kukaa mbali, antena husogezwa mbele kwa waya maalumu wa omu 50. Waya una ushuru wake. Ule mwembamba wa aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli tatu kila mita kumi katika masafa haya, na desibeli tatu ni nusu ya nguvu. Mita 20 za waya huo humeza robo tatu ya kile kilichopokewa. Afadhali kusogeza kipokezi chenyewe mbele na kurudisha sauti kwa waya wa kawaida wa maikrofoni, ambao huweza kwenda mita 50 bila kulalamika.

Suala la kiwango cha sauti halina ugumu mkubwa, ila lina mtego mmoja. Tarakimu zina ukomo. Mhubiri akipaza sauti kupita kiwango kilichowekwa ndani ya maikrofoni, sauti hukatwa kichwa na kusikika ikipasuka, na hakuna kitasa kwenye mikisa kitakachoirudisha. Kiwango hupimwa kwa sauti kubwa kuliko zote itakayotumika, si kwa ile ya "moja, mbili, tatu" inayosemwa kwa upole. Kinyume chake ni nanga, ala ya nyuzi ya watu wa Kagera, ambayo sauti yake ni ndogo na hufunikwa kwa urahisi na ngoma zilizo kando. Huhitaji maikrofoni ndogo ya kubana iliyosogezwa karibu na nyuzi na kuongezwa nguvu, wakati ile ya mwimbaji wa kikundi hicho hicho inapunguzwa. Kuziacha zote mbili katika kiwango kimoja ni kumnyima mpiga nanga haki yake.

Wapo wanaohofia kwamba dijitali huchelewesha sauti. Ni kweli, lakini kwa mitambo mingi mizuri ni chini ya milisekunde nne. Sauti husafiri hewani takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde moja, hivyo ucheleweshaji huo ni sawa na kusimama hatua moja au mbili mbali zaidi na spika. Hakuna kwaya itakayopotea kwa hilo.

Umeme unahitaji tahadhari ya pekee. Maikrofoni ya waya iliyounganishwa na mikisa ya zamani hurudi mara moja umeme unaporejea. Kipokezi cha dijitali huanza upya kama kompyuta, na mikisa ya dijitali vilevile, na hapo dakika nzima au zaidi inaweza kupita mgeni rasmi akiwa amesimama. Kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, kama kile cha kompyuta za ofisini, kikiunganishwa na vipokezi na mikisa peke yake, huvusha muda wa kubadilisha kutoka umeme wa gridi kwenda kwenye jenereta. Betri nazo zina hesabu yake: za kawaida za AA huanza na volti 1.5, na nyingi za kuchaji huwa na volti 1.2, hivyo mashine isiyoelezwa ni aina gani imewekewa huweza kuonesha kiasi kisicho sahihi. Betri zilizobaki nusu hazifai kuanzia shughuli ya saa sita, hata kama zinaonekana bado zinafaa.

Kisheria, matumizi ya masafa yako chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Taasisi inayopanga kununua mitambo ya fedha nyingi, iwe dayosisi, shule au halmashauri, ina sababu ya kuuliza kwanza katika ofisi ya mamlaka hiyo ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza kuhusu aina ya kifaa na masafa yake. Barua moja ni nafuu kuliko mtambo uliokwisha kununuliwa.

Hatua ya mwisho hufanyika kwa miguu. Mtu mmoja hushika maikrofoni na kutembea kila mahali itakapofika siku hiyo: mlangoni maharusi watakapoingilia, nyuma ya nguzo, mahali kwaya itakaposimama, hata nje watakakopigia picha iwapo mshereheshaji atawafuata. Asihesabu tu, asome kitu kwa mfululizo, maana katika kuhesabu mkatiko wa nusu sekunde huweza kuangukia kwenye pumzi na usisikike. Mwingine hutazama vijiti vya nguvu ya mawimbi kwenye kipokezi na kuandika panapodhoofika. Ikiwa vijiti vimebaki viwili ukumbi ukiwa mtupu, vitabaki vichache zaidi watu watakapojaa, na antena inapaswa kuhamishwa saa hiyo hiyo.

Matokeo huandikwa daftarini: mahali, tarehe, masafa yaliyochaguliwa na antena ilipowekwa. Fundi atakaporudi Nkwenda baada ya mauzo ya kahawa, wakati harusi zinapofuatana wiki hadi wiki, atapima tena, lakini atajua aanzie wapi. Na kando ya madhabahu, juu ya stendi yake, maikrofoni moja ya waya huachwa imeunganishwa na iko tayari, umbali ambao bibi harusi anaweza kuufikia kwa hatua mbili.